Fundi anasema kompyuta zangu tatu zote zitupwe. Nikakope kikoba?

Kaka Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa miaka 43, nina steshenari ndogo huku Ng'ong'ona, Dodoma, njiani wanakopita wanafunzi wa chuo kikuu. Nilianza mwaka 2017 na kompyuta moja na printa moja. Sasa nina kompyuta tatu za mezani, printa mbili na mashine ya kopi. Tunachapa risechi za wanafunzi, tunatengeneza kadi za michango ya harusi, tunajazia watu maombi ya ajira, mikopo ya chuo, vyeti vya kuzaliwa, TIN. Duka hili ndilo linalosomesha watoto wangu wawili.

Tangu mwezi wa kumi mwaka jana, kompyuta mbili zinatoa tangazo la Kiingereza linaloziba skrini nzima, kwamba Windows 10 imefikia mwisho wa msaada. Mara ya kwanza lilitokea mteja akiwa amekaa pembeni yangu, akaniuliza, "Mama, hii mashine ni salama kweli?" Nikakosa jibu.

Nikamwita fundi wangu. Huyu fundi ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, na ndiye anayenipigia Window, yaani kuiweka Windows kwenye kompyuta, miaka yote. Mwaka juzi flashi ya mwanafunzi mmoja ilipoleta kirusi, mafolda yote yakageuka shotikati, yeye alikaa dukani mpaka saa nne usiku akihangaika nayo, wala hakunidai hela. Safari hii aliziangalia dakika chache tu akasema zote tatu zimeisha muda, zitupwe, la sivyo wadukuzi watapitia dukani kwangu kuwaibia wateja. Ana mtu Dar anayeleta kompyuta zilizotumika Ulaya, 800,000 kila moja, jumla 2,400,000. Kama sina hela hiyo, atanipigia Window 11 kwa kulazimisha, 50,000 kwa kila mashine.

Kikoba chetu kinaweza kunikopesha, riba ni asilimia 10. Lakini mwanangu mkubwa anasubiri kupangiwa kidato cha tano na najua gharama zinazokuja.

Nimenakili stika na yale maandishi ya kwenye kompyuta kama yalivyo. Ya kwanza ni Dell OptiPlex 3060, i5-8500, RAM 4 GB, Windows 10. Hii ndiyo tunayojazia fomu za watu. Ya pili ni HP EliteDesk 800 G1, i5-4570, RAM 8 GB, nayo Windows 10, wanafunzi wanaitumia kuchapa na kuingia intaneti. Ya tatu ni ya zamani sana, Pentium, ina Windows 7, naitumia kutengenezea kadi kwenye Publisher, na intaneti ipo.

Jambo jingine linaloninyima usingizi, kwenye Dell kuna folda nimeiita WATEJA. Humo kuna vyeti, namba za NIDA na picha za pasipoti za watu wa miaka mitatu, kwa sababu mteja akirudi hataki kuskani upya. Na nina kaunta buku ninamoandika paswedi zao, maana wanasahau.

Je, nikope? Na nikikataa, nimwambieje shemeji bila kuvunja undugu?

Mama wa Steshenari, Ng'ong'ona

*

Dada yangu, usikope.

Nimeanza na hilo ili upate usingizi leo. Mengine tuyazungumze taratibu, maana shemeji yako ana ukweli fulani ambao sitaki uupuuze, na kwenye barua yako kuna hatari moja ambayo hata kompyuta mpya tatu haziiondoi.

Tuanze na tangazo lenyewe. Windows 10 ilitoka Julai 2015. Katika miaka yote hiyo, Jumanne ya pili ya kila mwezi Microsoft walikuwa wanatoa viraka vya kuziba matundu ya usalama yaliyogundulika. Tarehe 14 Oktoba 2025 wakaacha kuvitoa bure kwa kila mtu. Hicho ndicho kinachoitwa mwisho wa msaada. Kompyuta haizimwi, faili hazifutwi, Word inafunguka, printa inaprinti.

Wewe uko Dodoma, bila shaka umeziona tembe za Wagogo huko vijijini. Paa la tembe ni udongo uliolazwa juu ya miti, na linataka kukandikwa upya kabla ya mvua. Mwaka asipotokea wa kulikandika, nyumba haianguki siku hiyo. Watu wanaendelea kupika na kulala humo, kiangazi kinapita salama. Ufa unajulikana mvua ikishanyesha.

Kwa kompyuta, wapo watu ambao kazi yao ni kuutafuta huo ufa, na viraka vyenyewe vinawasaidia. Windows 10 na Windows 11 zina sehemu nyingi zinazofanana. Kiraka cha Windows 11 kikitoka, mhalifu anakichambua aone kilikuwa kinaziba nini, kisha anaenda kulijaribu tundu hilohilo kwenye Windows 10 ambazo hazikuzibwa. Ndiyo maana hatari inakua kadiri miezi inavyokwenda, na ndiyo maana miezi ya mwanzo kimya huwadanganya watu.

Mfano ninaoukumbuka zaidi ni WannaCry, Mei 2017. Kilikuwa kirusi kinachofunga faili zote za kompyuta na kudai malipo ili kuzifungua. Kilienea katika nchi zaidi ya 150, na Uingereza hospitali ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Kilikuwa kinaruka chenyewe kutoka mashine hadi mashine kwenye mtandao, bila mtu kubonyeza chochote. Kiraka cha kuzuia tundu hilo kilikuwa kimetoka tangu Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, na wenye mifumo ya zamani ambayo haikuwa ikipewa viraka tena.

Kwa hiyo shemeji hakukosea kuhusu tarehe, wala kuhusu hatari. Alipokosea ni kuzihukumu mashine tatu kwa pamoja bila kuzisoma. Wewe umesoma stika, na stika zako zinasema kitu kingine.

Chukua Dell. Kwenye i5-8500, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, maana yake prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kizazi cha nane. Windows 11 inapokea prosesa za Intel kuanzia kizazi hicho, ukiacha chache tu za nyuma yake. Dada yangu, mashine uliyoambiwa uitupe inastahili Windows 11 kihalali, na kama Windows 10 iliyomo ina leseni, kupanda ni bure!

Pengine shemeji alijaribu ikamkatalia, na hapo simlaumu, kwa sababu ujumbe unaotokea unasema tu kwamba kompyuta haikidhi vigezo. Mara nyingi sababu iko kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 iwe imewashwa, na kompyuta iwe inawaka kwa UEFI, yaani njia mpya ya kuwaka, ili Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka, iweze kufanya kazi. Mafundi wengi wanapopiga Window huibadilisha iwake kwa njia ya zamani, Legacy, kwa sababu flashi zao zimeandaliwa hivyo. Mwambie aiwashe Dell huku akibonyeza F2, aangalie sehemu ya Security kama TPM imewashwa. Kama diski iliandaliwa kwa Legacy, ndani ya Windows 10 yenyewe kuna programu iitwayo MBR2GPT inayoigeuza diski bila kufuta faili. Hata hivyo, asiguse chochote kabla hujahamisha kazi zako zote kwenye diski ya nje. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, utashukuru.

Kuhusu leseni, fungua Settings, kisha Update & Security, kisha Activation. Nina sababu ya kukuambia uangalie hapo. Kompyuta za ofisi za aina ya OptiPlex za miaka hiyo mara nyingi zilitoka kiwandani na Windows 10 halali, ufunguo wake ukiwa umehifadhiwa ndani ya mashine yenyewe. Nimeona watu wakiwekewa Windows ya wizi juu ya mashine yenye leseni yake, kwa mazoea tu. Na vile viprogramu vya kuiamsha Windows ya wizi kwa kawaida vinakuagiza kwanza uizime Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, yaani umwondoe mlinzi mlangoni halafu umkaribishe usiyemjua. Mashine inayopokea vyeti vya watu isiwe na kitu hicho hata siku moja. Fundi apakue Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, achague toleo lilelile la Home au Pro, na mara nyingi leseni itajitambua.

Kitu pekee ambacho ningekuomba ununue ni RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya Dell. Kigezo cha chini cha Windows 11 ni GB 4, na ndizo ulizonazo, lakini ukiwa na Chrome yenye kurasa kumi na printa inasubiri, GB 4 zitakutesa. Ifikishe 8. Kama bado ina diski ya zamani inayozunguka, weka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, utaona kama umenunua kompyuta nyingine. Ulizia bei maduka mawili au matatu pale mjini kabla ya kulipa.

HP ni habari tofauti. i5-4570 ni kizazi cha nne, na Windows 11 haiikubali. Hapo ndipo inapokuja ile ya "kulazimisha". Inawezekana, shemeji hajakudanganya, ipo njia ya kuruka vile vigezo. Lakini Microsoft wanasema wazi kwamba kompyuta iliyowekewa hivyo haina uhakika wa kupata masasisho, yaani vile viraka. Ulichokuwa unakitafuta ni masasisho, kwa hiyo hiyo 50,000 ingenunua sura mpya ya skrini na wasiwasi uleule. Na kwa ile Pentium usijaribu kabisa.

Wasomaji wengine wenye laptop moja nyumbani ya Windows 10 niwaambie hapahapa. Microsoft wana mpango wa viraka vya ziada kwa watu binafsi, unaitwa ESU, na unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Unaweza kujiunga kwa dola 30, au bila kulipa kama utakubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yako kwenye akaunti ya Microsoft. Fungua Windows Update, kiungo cha kujiandikisha kikiwepo utakiona, mradi toleo lako ni 22H2. Kwa biashara na ofisi kuna mpango wa peke yake, dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei inakuwa mara mbili kila mwaka unaofuata. Kwa duka lako, dada, sioni sababu ya kuingia huko kwa mashine ya kizazi cha nne.

HP yako ningeiwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Najua neno hilo linaogopesha, lakini angalia kazi zinazoweza kufanywa pale: kuingia kwenye barua pepe, kujaza ombi la ajira, mkopo wa wanafunzi, TIN, cheti cha kuzaliwa. Zote zinafunguka ndani ya kivinjari, na Chrome na Firefox ziko kwenye Linux kama zilivyo kwenye Windows. Linux Mint ni bure, inapewa viraka, na kwa mashine yenye i5 na GB 8 inakimbia vizuri. Unaweza hata kuijaribu ikiwa kwenye flashi bila kuiweka kwenye diski. Washa, chomeka printa, printi kurasa mbili, skani kitambulisho chako mwenyewe, uone. Zipo printa ambazo kiwanda hakikuzitengenezea programu za Linux, na ni heri ulijue hilo kabla. Kwa risechi zenye majedwali na kurasa zenye namba za Kirumi, usizichapie huko. LibreOffice, programu ya bure ya kuchapia ya kwenye Linux, inafungua faili za Word, ila mpangilio unaweza kusogea, na mwanafunzi anayewasilisha kesho asubuhi hana muda wa kurekebisha. Hizo zichapwe kwenye Dell.

Na msaada uko mlangoni kwako. Chuo Kikuu cha Dodoma kina ndaki nzima ya mambo ya kompyuta, CIVE. Katika hao wanaokuja kutoa kopi kwako, wapo ambao Linux kwao ni kama daftari. Muulize mmoja unayemwamini, umlipe kwa kumchapia risechi yake.

Pentium ya Windows 7 iondoe kwenye intaneti leo, usingoje fundi. Chomoa waya, au toa kile kidude cha waifai. Windows 7 iliachwa tangu tarehe 14 Januari 2020, na Chrome iliyomo haijapata toleo jipya tangu 2023. Muda wote ulikuwa unaiogopa Windows 10 huku iliyo wazi zaidi iko pembeni inachora kadi. Iendelee kuchora kadi bila mtandao, inaiweza kazi hiyo. Ila kila kadi ukimaliza ihifadhi pia kama PDF, kwa sababu Publisher nayo Microsoft wanaiacha Oktoba 2026.

Kumbuka kwamba kuitoa kwenye intaneti hakuikingi na flashi. Kirusi cha zile shotikati hakikuja kwa mtandao, kilikuja mfukoni mwa mteja. Kuanzia sasa flashi ya mteja iguse mashine moja tu, Dell, ikaguliwe na Defender, na kitu kikitakiwa kwenda kwenye Pentium kipelekwe na flashi yako ya duka. Ifunge uzi mwekundu isichanganyike na za watu.

Sasa lile lililo gumu zaidi, folda ya WATEJA na kaunta buku. Dada yangu, hata ungekopa hizo 2,400,000 na kuweka mashine mpya tatu mezani, ungeihamishia folda hiyohiyo humo, na kaunta buku lingebaki palepale chini ya kaunta. Mwizi wa kawaida anayevunja duka usiku akachukua Dell kwa ajili ya kuuza vipuri, anaondoka na namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, picha na sahihi ya kila mtu aliyekuja kwako miaka mitatu. Mwenye hivyo vyote mkononi anaweza kujaribu kusajili laini au kuomba mkopo kwa jina la mtu mwingine. Yule mteja aliyekuuliza kama mashine ni salama, swali lake lilikuwa kubwa kuliko lile tangazo.

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inataka taarifa za mtu zisitunzwe kupita kazi iliyozileta. Najua ulizitunza kwa wema. Lakini wema huo una njia nyingine. Mteja akimaliza, mtumie faili zake kwenye barua pepe yake au WhatsApp yake mwenyewe, mbele yake, kisha futa, na umwage kikapu cha taka cha kompyuta. Angalia pia folda ya Downloads, najua imejaa. Walio kwenye WATEJA wapigie simu wale wanaokuja mara kwa mara, wape mwezi mmoja kuja na flashi, halafu folda yote iondoke.

Paswedi vivyo hivyo. Mpe mteja karatasi na kalamu aandike mwenyewe, aondoke nayo. Akisahau, mifumo mingi inamtumia namba ya kufungulia kwenye simu yake, na hiyo ni dakika tano. Kwenye Chrome wafungulie dirisha la mgeni, lile la Guest, likifungwa linasahau kila kitu, maana wanafunzi wanaacha WhatsApp na barua pepe zao wazi wanakimbilia kipindi. Kaunta buku lichome moto baada ya huo mwezi, usiliuze kwa wafunga karanga.

Limebaki la shemeji. Mtu aliyekaa dukani kwako mpaka saa nne usiku bila kudai hela si mtu wa kukupora. Nadhani amesikia tangazo kama ulivyolisikia wewe, akaona na biashara ndogo pembeni. Usimwitie ndugu wala usimtumie maneno kupitia mdogo wako. Mwite dukani mchana, mpe kiti, mwonyeshe stika ya Dell, mwambie: "Shemeji, hii ni kizazi cha nane. Naomba uniangalizie TPM kwenye BIOS, unigeuzie diski, uniongezee RAM, uniwekee Windows 11 halali. Niambie ufundi wako ni shilingi ngapi, nitakulipa." Kisha mlipe kweli, siku hiyohiyo, kwa sababu kazi ya MBR2GPT na kuhamisha faili ni ya saa kadhaa na inataka mkono mtulivu. Kama hajawahi kuifanya, aanze kwa kuhamisha faili, halafu akae na yule kijana wa CIVE waifanye pamoja.

Ukishaijaribu HP na zile printa mbili, niandikie ni za aina gani na zimefanyaje.